Mdomo wa Serahangi

Baba yangu hakuwahi kusafiri baharini. Safari yake ndefu kuliko zote juu ya maji ya chumvi ilikuwa ya feri ya Likoni, kwenda na kurudi, na hata hiyo alikuwa akimsindikiza mtu na mabati yake. Lakini katika banda lake la kushonea maturubai, Kawangware, upande wa mbele uliitwa omo na upande wa nyuma uliitwa tezi, na ukisema "mbele" au "nyuma" hakuna aliyegeuka.

Maneno hayo aliyatoa Mombasa. Alikuwa ametoka Kitui akiwa kijana, akapata kazi katika bohari moja karibu na bandari, mahali walipokuwa wakishona matanga na vifuniko vya meli. Huko ndiko alikojifunza kushonea dasi, yaani kamba inayozunguka ukingo wa turubai ili upepo usilipasue, na huko ndiko alikojifunza kwamba kamba ya kupandishia tanga ni jarari, na kigurudumu inamopita ni gofia. Baada ya uhuru akaja Nairobi na sindano zake, akapanga banda kwenye ploti moja ya Kabiro, humo humo Kawangware, akaanza kushona maturubai ya malori na mahema ya makanisa na harusi. Aliowaajiri walitoka Kitui, Machakos na Kakamega. Hakuna hata mmoja aliyeijua bahari. Waliyapokea maneno yale kama walivyopokea mkasi na kipande cha nta, wakayatumia, wala sijamsikia yeyote akiuliza yalikotoka.

Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Mvua ya Aprili ilipopenya chini ya mlango, baba angeruka kitandani na kusema, "Fueni maji!" na mama, ambaye alizaliwa Machakos na ambaye maji yake yote aliyajua kwa debe, angemjibu, "Hapa ni Kabiro, si Kilindini. Sema chota maji, kama watu."

Wafanyakazi walimwita baba Serahangi. Neno hilo ni la mkuu wa mabaharia, yule anayesimama kati ya nahodha na watu wa kamba na kupaza amri. Sijui kama alijipa cheo hicho mwenyewe au alipewa. Nimewahi kulifikiria swali hilo kwa muda mrefu kuliko linavyostahili.

Kilichotutofautisha na mafundi wengine wa mahema ni namna tulivyoyasimamisha. Hema kubwa la kanisa husimama kwa mlingoti wa kati. Kwanza mlingoti unainuliwa, watu wanaushikilia kwa kamba pande zote: mmoja omo, mmoja tezi, mmoja joshi, ndio upande upepo unakotoka, na mmoja demani, upande unakoelekea. Halafu turubai linapandishwa taratibu kwa jarari. Baba alisimama mbali kidogo, mahali ambapo aliona kila kitu, akaita. Akiita "Tweka!", yaani pandisha, hakuna aliyesogea. Kwanza wa omo alirudisha neno, "Tweka!" Kisha wa tezi, "Tweka!" Kisha joshi, kisha demani, na mwisho kabisa wale wawili wa jarari. Baada ya wote kuitikia ndipo kamba ilivutwa. Mmoja akinyamaza, kazi ilisimama. Hata kama ni mvua, hata kama bwana harusi yuko njiani, tulimngoja aliyenyamaza.

"Anayeitikia anasema mambo mawili," baba alinieleza nilipokuwa mdogo. "Anasema amesikia, na anasema mikono yake iko tayari. Asiyeitikia, simjui yuko wapi."

Watu walitucheka. Pale Kawangware watoto walikuwa wakijipanga nyuma ya wafanyakazi na kuitikia pamoja nao kwa sauti za kasuku. Mimi nilipokuwa shule ya msingi nilijivunia. Nilipofika chuo kikuu nilianza kuona aibu, kisha nikaionea aibu aibu yenyewe, na ndivyo nilivyo hadi leo.

Mwaka niliomaliza chuo, koo la baba liliharibika. Sauti ilianza kukwaruza, kisha ikawa inakatika katikati ya neno. Hospitalini walimkata kitu kooni, akarudi nyumbani na sauti kama gunia linaloburutwa sakafuni. Daktari alimwonya asipaze sauti tena maisha yake yote. Mama alimlilia mbele yake, na yeye akamwambia kwa mnong'ono, "Unalia nini? Nimetoka hai." Lakini usiku kucha nilimsikia akijigeuza, na asubuhi aliniita bandani.

Nilikuwa nikingoja barua ya serikali ya kunipangia kazi, kama wenzangu wote. Nilisoma historia, somo linalomfundisha mtu kwamba kila tukio lina sababu nyingi. Halimsaidii anayetaka kujua kama ana hatia.

"Utakuwa mdomo wangu," baba akasema. "Mpaka barua yako ije."

"Na barua ikija?"

"Ikija tutaona. Kazi yako ni ndogo. Nikisema neno, wewe unalisema. Basi."

Yule fundi wa omo, mtu mnene wa Kitui ambaye kanisani aliimba besi na kazini hakuacha mzaha, alinipokea kwa makofi. "Digrii ameajiriwa!" akasema. "Miaka yote ile ya vitabu, amekuja kusema neno moja moja."

"Na asikosee," akasema wa tezi, kijana wa Kakamega aliyekulia Kawangware na ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha mtaani. "Digrii ukikosea, hema ituangukie, sisi ndio tutakuwa history."

Nilijua tangu siku hiyo kilichokuwa hatarini. Baba bado alikuwa na macho, na mikono, na banda. Lakini serahangi asiyeweza kuita ni mtu aliyesimama mbali akitazama wengine wakifanya kazi. Kama ningekuwa mdomo mwaminifu, angebaki alivyo.

Wiki za mwanzo nilifanya vizuri. Nilisimama kwenye bega lake la kulia, nikasikiliza mkwaruzo wake, nikautoa kwa sauti. "Shikilia!" "Tweka!" "Legeza demani!" "Tua!" Wafanyakazi walizoea haraka. Na mimi, lazima niseme, nilifurahia. Chuoni nilikuwa mtu wa kuandika sentensi na kuifuta. Hapa neno lilitoka kinywani mwangu na turubai lenye uzito wa ng'ombe likainuka.

Jumamosi moja tulikuwa na hema la kanisa moja la Lindi, Kibera. Kanisa lao la mabati lilikuwa linabomolewa lijengwe upya, nao walitaka hema la kusalia kesho yake. Tulivusha vitu vyote Barabara ya Ngong kwa mkokoteni, tukateremka nao kati ya vibanda, tukakuta uwanja umejaa. Wamama wa kanisa walikuwa wamekuja na viti, wanakwaya na ngoma zao, na watoto wote wa Lindi walikuwa pale kutazama. Upande wa Ngong wingu lilikuwa limejikusanya.

Mama mmoja mzee wa kanisa, aliyevaa kitambaa cheupe kichwani, alinijia moja kwa moja. Hakumwendea baba.

"Msichana, itasimama kabla ya mvua?"

"Itasimama, mama."

"Maana naona mnasemezana tu. Huyu anasema, yule anasema, wote wanasema neno moja. Kwa nini hamvuti?"

Watoto walicheka. Nikahisi uso ukipata moto. Baba alikuwa kando yangu, na bila shaka alisikia, lakini alikuwa akitazama mlingoti.

Mlingoti ulisimama vizuri. Tukaanza kupandisha turubai. Lilifika nusu, likajaa upepo kidogo, likatanuka, na wanakwaya wakapiga vigelegele. Ndipo baba akasema, kwa ule mkwaruzo wake, "Shikilia."

Nililisikia. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu nimejaribu mara nyingi kujiambia kwamba upepo ulikuwa mkali, kwamba ngoma zilikuwa zinapigwa. Nililisikia wazi. Nikatazama juu, nikaona wingu. Nikatazama turubai, nikaona kwamba likikaa nusu upepo utalichukua. Nikamwona yule mama mzee akitikisa kichwa. Na watoto nyuma yangu walikuwa wameshaanza kusema "Shi... shi... shi..." wakingoja kutuigiza, ingawa sijui walijuaje neno gani linakuja. Pengine hawakusema hivyo. Pengine ni mimi ninayewawekea neno hilo mdomoni.

Nikasema, "Tweka!"

"Tweka!" akaitikia wa omo.

"Tweka!" akaitikia wa tezi, kwa kuchelewa kidogo.

Joshi, demani, jarari. Wote walirudisha neno, mmoja baada ya mwingine, na kwa kila sauti nilihisi baba akilisikia upya neno ambalo hakulisema. Hakunigusa. Hakuinua mkono. Angeweza kupunga mkono na wangesimama. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakufanya hivyo, na jibu pekee ninalolipata ni kwamba walishaitikia, na kwa sheria yake yeye mwenyewe, walioitikia hawakatizwi.

Turubai likapanda hadi juu. Likakaa vizuri kuliko hema lolote tulilowahi kulisimamisha. Mvua ikaanza matone makubwa na watu wote wakakimbilia ndani wakicheka, na yule mama mzee akanishika mikono yote miwili akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mungu akubariki. Sasa nimejua serahangi ni nani hapa."

"Si nilisema?" wa omo akadakia. "Digrii amepandishwa cheo. Kesho anatuandikia mtihani."

Wote wakacheka. Mimi pia nilicheka. Baba alikuwa amechuchumaa chini ya mlingoti, akikunja mwisho wa jarari, duara juu ya duara, polepole.

Tulirudi Kabiro mvua ilipokatika. Wafanyakazi walitangulia na mkokoteni. Baba alitembea nyuma yangu, na kila nilipopunguza mwendo ili anifikie, naye alipunguza. Nyumbani mama alitupa chai. Nilingoja hadi alipotoka kwenda kwa jirani.

"Baba," nikasema, "niliona upepo. Niliona kama tukishikilia pale..."

"Uliona."

"Nilidhani..."

"Mimi nilisema nini?"

"Shikilia."

"Basi," akasema, akamaliza chai yake.

Sikumuuliza kwa nini alitaka washikilie. Ningeuliza, ningekuwa nampima: sababu ikiwa ndogo, nitafurahi, ikiwa kubwa, nitaumia. Nilijua kwamba swali lenyewe lingekuwa kosa la pili. Au ndivyo nilivyojiambia, maana kunyamaza pia ni rahisi.

Hakunikaripia tena, wala hakumwambia mtu. Lakini mambo yalibadilika kidogo kidogo. Katika kazi iliyofuata, wafanyakazi walinitazama mimi kabla ya kumtazama yeye. Hawakukusudia ubaya, macho ya mtu hufuata sauti. Baba aliona. Siku nyingine alisema neno nami nikalirudisha kwa uaminifu, kwa uaminifu kupita kiasi, nikimtazama midomo kama mtu anayesoma maandishi madogo, na yeye akageuza uso. Siku nyingine tena alikaa juu ya gunia la vigingi.

"Baba, umechoka?"

"Ita wewe. Wewe unaona."

Nikaita. Hema likasimama. Hilo ndilo lililonielemea: kila nilipoita, hema lilisimama. Kama moja lingeanguka, bila kumuumiza mtu, lirarue mshono tu, nadhani ningelala vizuri zaidi. Nilianza kusali liegemee kidogo. Kisha nikaogopa sala hiyo, kwa sababu chini ya hema kuna watu, nikamwomba Mungu aifute.

Baba akaanza kubaki bandani siku za kazi ya nje. Alishona dasi mchana kutwa, mshono mdogo mdogo, mzuri ajabu, na watu waliokuja kuagiza kazi walianza kuuliza, "Yule msichana yuko?"

Ndipo barua ikaja. Nilipangiwa ofisi ya serikali mjini, idara ya kumbukumbu. Mama alichinja kuku. Wa omo alisali sala ndefu yenye mzaha ndani yake, akimshukuru Mungu kwa kuwa sasa atakuwa na mtu wa kumwandikia barua za kumwomba mkubwa fulani kazi. Baba alinishika bega na kusema, "Vizuri. Vizuri sana," na mnong'ono wake ukakatika, nami sikujua kama ni koo tu.

Niliondoka na mdomo wake. Sijui namna nyingine ya kulisema. Ningebaki, ningekuwa nimemnyang'anya nafasi yake. Nikiondoka, naiacha wazi bila mtu. Nilipanga chumba karibu na mjini na kila Jumapili baada ya kanisa nilikwenda Kabiro na mkate na siagi ya mkebe, na sikuuliza habari za banda.

"Unakuja na mkate kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa," mama akaniambia siku moja. "Hakuna mgonjwa hapa. Baba yako yuko bandani. Mpelekee chai."

Nikaenda. Baba hakuwepo, alikuwa ametoka kutafuta nta. Nilimkuta wa tezi peke yake, ameketi juu ya turubai la lori, anatoboa matundu.

"Sasa Digrii! Serikali inasemaje?"

"Inasema poa. Nani anaita siku hizi?"

"Wacha tu. Wa omo alijaribu. Anaita 'Tua' huku akicheka, nusu yetu tunatua, nusu tunamwangalia. Buda akakataa. Akasema heri hema lisisimame." Akatoboa tundu lingine. "Lakini buda wako ni mtu, usimwone hivyo. Unakumbuka ile Saturday ya Lindi? Ya mvua?"

"Nakumbuka."

"Mimi siku ile ilibaki kidogo niwaue." Alisema kwa kicheko. "Kamba ilikuwa imenichana mkono. Turubai ikiwa nusu nikaiachilia, nikaikanyaga tu na mguu, nikawa najifunga hanchifu. Nikajua buda ameniona, maana aliniangalia hivi. Nikasema sawa, ataita 'Shikilia' nimalize. Mara nasikia 'Tweka'! Wa omo ameitikia. Ningefanya nini? Nikaitikia. Mikono mitupu, Digrii, naapa. Nikaishika kamba wakati mlingoti umeshaanza kwenda."

"Mlingoti ulienda?"

"Kidogo. Nyinyi hamkuona kwa sababu ya watu. Upepo ungekuja wakati ule, ule mlingoti ungelalia kwaya yote, soprano kwa alto." Akacheka tena, kisha akaacha. "Jioni nikamwambia buda pole. Nikamwambia niliitikia uongo. Unajua alisema nini? 'Si wewe peke yako.' Hakusema nani mwingine. Mpaka leo sijui alimaanisha nani. Unadhani ni wa jarari?"

Nilimtazama. Ilikuwa nafasi ya kusema, na nilifungua kinywa.

"Sijui," nikasema.

Hivi ndivyo nilivyo. Nilitembea kutoka bandani hadi nyumbani na chai ile ile mkononi, imepoa, nikiwaza kwamba baba alikuwa amebeba makosa mawili, la yule kijana na langu, bila kulitenga moja na jingine. Na nikiwaza kwamba mimi nilipopewa nafasi ya kubeba la kwangu, nilimwachia kijana wa watu alifikirie. Wiki iliyofuata nilirudi, si Jumapili bali jioni ya kazi, nikamwambia wa tezi kila kitu. Alitoboa matundu yake hadi nikamaliza.

"Kumbe ni Digrii," akasema hatimaye. "Sasa mimi na wewe ni wawili." Akaongeza, "Lakini wewe ulikuwa na macho mawili. Mimi nilikuwa na hanchifu." Hakucheka.

Nilitaka kumwambia baba kwamba najua. Nilizitengeneza sentensi ofisini, nikizipanga na kuzipangua mbele ya mafaili ya watu wengine. Kila sentensi ilikuwa na neno "lakini" mahali fulani, na kila nilipoliondoa, lilijitokeza pengine.

Kisha mtu mmoja wa Olympic, Kibera, mteja wa zamani, akaozesha binti yake. Alitaka hema kubwa uwanjani nyuma ya nyumba zao. Mama alinitumia ujumbe nije. Kwa kuwa ilikuwa harusi, nilivaa viatu vya kisigino. Nilifika nikakuta mlingoti umesimama, turubai limetandazwa chini, na baba amesimama mahali pake. Mahali pake kabisa, mbali kidogo, panapoonekana kila kitu. Mkononi alikuwa na spana kubwa, na mbele yake, juu ya vijiti vitatu vilivyofungwa pamoja, ilining'inia rimu ya gari kama kengele ya shule.

"Ni nini hiyo?" nikamuuliza mama.

"Ni sauti yake. Aliitoa kwa mwenye gereji. Wiki mbili zote Kabiro haikulala."

Baba akagonga mara mbili. Sauti ilivuka uwanja, kali, safi.

"Tweka!" akaitikia wa omo.

"Tweka!" wa tezi. "Tweka!" joshi.

Kimya. Upande wa demani hapakuwa na mtu; kamba ilikuwa imefungwa kwa muda kwenye kigingi. Baba hakugonga tena. Alinitazama.

"Wa demani ameenda kwao, mama yake anaumwa," mama akanong'ona. "Na hivyo viatu uvue."

Nilivivua, nikaviacha pale pale kwenye nyasi. Nilivuka uwanja pekupeku, wageni wakinitazama, wengine wakicheka, na nikaifungua kamba kutoka kwenye kigingi. Ilikuwa nzito kuliko nilivyofikiri. Miezi yote ile niliyoita "Legeza demani" sikuwahi kuishika.

"Tweka," nikasema, nao wa jarari wakamalizia. Turubai likaanza kupanda.

Lilipofika nusu, baba akagonga mara moja.

"Shikilia!" akaita wa omo.

"Shikilia!" wa tezi, akinitazama.

"Shikilia!" joshi.

Ilikuwa zamu yangu. Neno lilikuwepo, nilikuwa nalijua, nalo halikutoka. Uwanjani, mwenye harusi akasema, "Kwani wanangoja nini?" na shangazi mmoja akajibu kwamba wanangoja yule aliyevua viatu. Upepo ulikuwa unalijaza turubai. Baba alisimama na spana imeshuka kando ya mguu, hakunihimiza, hakugeuza uso. Kwa sheria yake hakuna kilichoweza kuendelea mpaka niseme, na angengoja hadi jioni.

"Shikilia," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, ya kukwaruza, karibu kama yake. Akatingisha kichwa: amesikia.

Wa jarari wakaitikia, na tukakaa hivyo. Nilitazama kila mahali nione sababu. Mkono wa yule wa tezi ulikuwa mzima. Mlingoti ulikuwa wima. Hapakuwa na mtoto chini ya turubai, wala kuku, wala wingu. Kamba ilianza kunikata viganja, na miguu ikapoa kwenye nyasi mbichi. Wageni walikuwa wameanza kupiga makofi ya kutuharakisha.

"Digrii," wa omo akanong'ona kutoka upande wake, "baba yako amelala akiwa amesimama?"

Sikumjibu. Sikuona sababu yoyote. Nikakaza mikono, nikaendelea kushikilia, macho yangu kwenye ile spana.